Betri Ikiisha Mlimani, Nani Atatueleza?

Kuna jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana hapa Chwele, kuanzia kwa wauza kuku sokoni hadi kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, na wengi wanaolizungumza wanalizungumza visivyo. Jambo lenyewe ni haya magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, hasa yale yanayochomekwa kwenye plagi. Kuna wanaoyasifu utadhani yanakunywa maji ya mto. Kuna wanaoyatukana utadhani yaliundwa makusudi kuwafilisi watu wa Bungoma. Mimi nasema pande zote mbili zimepotoka. Magari haya si miujiza wala si takataka. Tatizo ni kwamba tumeuziwa kitu ambacho hakuna aliyetueleza, kwa lugha tunayoielewa, kinafanya kazi vipi kikifika mlimani.

Najua yupo atakayeguna, "Mtoto wa shule anajua nini kuhusu magari?" Ni swali zuri. Sina gari, baba hana gari, na shuleni nafika kwa miguu kila asubuhi. Lakini somo la kazi, nishati na nguvu tumelisoma mwaka huu katika Kidato cha Tatu, na hesabu haiulizi umri wa anayeifanya.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Hapa kwetu kila gari lenye betri kubwa huitwa haibridi, basi, imetosha. Kumbe ziko aina mbili zinazotofautiana sana. Aina ya kwanza ni ile ya Toyota Prius, gari lililoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, na ndugu zake wadogo kama Aqua. Betri yake ni ndogo na inajichaji yenyewe kutokana na injini na breki. Hakuna mahali pa kuchomeka waya. Injini ndiye mwenye nyumba, umeme ni mgeni anayesaidia kubeba kuni.

Aina ya pili ndiyo ninayoizungumzia. Hii unaichomeka ukutani usiku kama simu, na asubuhi inatembea kilomita kadhaa bila kugusa petroli. Mfano unaojulikana ni Mitsubishi Outlander PHEV, lililoanza kuuzwa Japani Januari 2013. Lile la kwanza lilikuwa na betri ya kilowati-saa 12, injini ya petroli ya lita 2, na mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, kila moja ya kilowati 60. Na hapa ndipo siri ilipo, kwa sababu gari hilo likienda polepole, injini yake haizungushi magurudumu hata kidogo. Inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, na umeme ndio unaoendesha mota. Mpaka gari lishike mwendo wa kasi wa barabara kuu ndipo injini inaposhikana na magurudumu moja kwa moja.

Hebu tufikirie plau. Anayelima kwa ng'ombe anajua kwamba jozi ikiwa sawa, shamba linakwisha kabla jua halijawa kali. Sasa mmoja akilala chini, yule aliyebaki atavuta, lakini usitegemee mtaro ule ule, na ukifika mahali pa mwinuko utakaa hapo mpaka jioni. Katika gari la Prius, ng'ombe mmoja ni fahali na mwingine ni ndama. Ndama akichoka huoni tofauti kubwa. Katika gari la plagi, ng'ombe wote wawili ni wakubwa, na yule wa umeme huwa na nguvu zaidi mwanzoni. Huyo akilala, umebaki na nusu ya jozi, lakini plau ni ile ile na udongo ni ule ule.

Wauzaji wengi humwambia mnunuzi, "Chaji ikiisha usijali, gari linaendelea na petroli." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ni ukweli nusu, na ukweli nusu mlimani ni hatari kuliko uongo kamili, kwa sababu uongo kamili ungeugundua ukiwa bado uko yadini.

Ukweli wenyewe ni huu. Kipimo kikionyesha kwamba betri imeisha, kwa kweli haijaisha kabisa. Kompyuta ya gari huacha akiba kidogo, kwa kuwa betri ya lithiamu ikikaushwa kabisa inaharibika. Ni kama mahindi ya mbegu. Njaa iwe kali vipi, mkulima mwenye akili hagusi mbegu. Kwenye tambarare akiba hiyo inatosha, gari linaazima kidogo na kulipa kidogo, na dereva hajui lolote. Lakini mlima mrefu hauazimi kidogo. Unachukua, unachukua tena, mpaka kompyuta inafunga ghala na kusema, "Sitoi tena." Hapo gari linabaki na kile tu ambacho injini inaweza kukitoa dakika hiyo, na ukikanyaga mafuta mpaka mguu uguse sakafu, utasikia injini ikilia kama trekta la miwa huku gari likizidi kupunguza mwendo.

Tuweke hesabu. Gari la kilo 1,800 likibeba watu na mizigo ya kilo 400, jumla ni kilo 2,200. Kutoka Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hadi Timboroa ambako ni zaidi ya mita 2,700, tuseme gari linapanda mita 900. Kazi ya kuinua mzigo huo ni 2,200 mara 10 mara 900, yaani karibu joule milioni 20. Ukigawanya kwa joule milioni 3.6 zilizomo katika kilowati-saa moja unapata tano na nusu. Ni karibu nusu ya betri nzima ya kilowati-saa 12, tena hapo hatujahesabu upepo wala tairi zinavyosugua lami. Sasa aliyefika Nakuru betri ikiwa tupu, kazi hiyo yote ameitwika injini peke yake.

Tena injini yenyewe, inapopanda, inazidi kudhoofika. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na petroli huhitaji hewa ili iwake. Injini isiyo na taboni hupoteza takribani sehemu moja kwa tano ya nguvu zake ikiwa mita 2,000 juu ya bahari. Mota ya umeme haijali hewa. Kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo unavyomhitaji zaidi yule ng'ombe wa umeme, na ndipo anapokuwa amelala! Sasa tafakari, msomaji. Magari haya yanashushwa Mombasa. Watu wengi wanayajaribu huko huko Mombasa, kwenye usawa wa bahari, kwenye tambarare, dereva akiwa peke yake. Jaribio hilo linamwambia nini mtu wa Mlima Elgon?

Nieleze niliyoyaona kwa macho yangu. Mjomba wangu, au khocha kama tunavyosema huku, alinunua gari la plagi katika yadi moja ya pwani. Sitataja yadi wala aina ya gari, maana sitaki kesi. Pesa zenyewe alizipata kwa kuuza vitunguu na kipande cha shamba, na shamba likishauzwa halirudi. Alisema kwamba alipolileta, pale Timboroa lilikuwa zito kidogo, akadhani ni uchovu wa safari. Kebo ya kuchajia haikuwemo ndani ya buti, naye hakuiulizia kwa kuwa aliambiwa gari linaendelea na petroli. Kwa hiyo toka siku ile gari halikuwahi kuchomekwa mahali popote.

Mwezi mmoja baadaye tukaenda matangani, tukipanda kutoka Kimilili kuelekea Kapsokwony. Tulikuwa watu watano, na nyuma kulikuwa na masufuria makubwa ya kupikia na gunia la mchele. Tulipofika kwenye mwinuko, gari likaanza kupunguza mwendo lenyewe. Mjomba akakanyaga, injini ikapiga kelele, mwendo ukazidi kushuka. Lo! Bodaboda iliyobeba watu watatu ikatupita, na yule wa mwisho akatupungia mkono. Mama akauliza, "Kwani gari imechoka?" Hakuna aliyecheka, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na matatu inayopiga honi, na kwenye kona mbele yetu lori la kabeji lilikuwa linashuka. Dereva wa matatu akaamua kutupita papo hapo kwenye kona. Lori lilipiga breki hadi tukasikia harufu ya mpira. Tulikosa kuwa habari za redio kwa mita chache sana.

Wakati huo huo kwenye dashibodi kulikuwa kumewaka maandishi ya rangi ya manjano. Maandishi ya Kijapani. Mjomba hakuyajali, kwani gari lile huongea Kijapani kila linapowashwa, likimkumbusha dereva aweke kadi ya kulipia barabara za huko Japani, naye alikuwa amezoea kuliitikia, "Asante, mama." Mwenye macho haambiwi tazama, naam, lakini ni macho ya nani hapa Bungoma yanayosoma Kijapani?

Sehemu inayonishangaza zaidi ni hii. Tuliporudi, gari lilishuka kutoka Kapsokwony likiwa na afya njema kabisa. Mafundi wawili walilikagua. Wa kwanza alibadilisha plagi za injini. Wa pili alisafisha nozeli na kuweka chujio jipya la petroli. Kila mmoja aliliendesha kwenye barabara ya lami, akasema liko sawa, akalipwa. Siwalaumu, kwa sababu kweli lilikuwa sawa. Gari la namna hii likishuka mlima, mota zake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani ya betri. Kwa hiyo kila mara linapochoka huko juu, linafika kwa fundi huku chini likiwa limekwisha kula na kushiba. Ni kama mgonjwa anayetetemeka usiku kucha, akifika zahanati asubuhi homa imeshuka, daktari anamwambia aende nyumbani.

Mpaka binamu yangu aliye chuoni alipokuja likizo, ndipo maandishi yale yalipowaka tena akayapiga picha kwa simu, na simu ikayatafsiri kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa fupi sana: nguvu imepunguzwa. Maneno mawili! Gari lilikuwa limesema ukweli toka siku ya kwanza, tena kwa adabu, ila hakuna aliyelisikia. Gharama ya kutosikia ilikuwa plagi, chujio, malipo ya mafundi wawili, na karibu roho za watu watano.

Sasa wazee wa kijiweni wamekata shauri. Wanasema magari ya stima ni ya Wazungu wa mijini, mtu wa huku anunue Probox. Mimi naiheshimu Probox. Imebeba kabeji, imebeba maharusi na imebeba maiti. Lakini hukumu hiyo siikubali. Septemba 2023 petroli ilifika shilingi 211.64 kwa lita jijini Nairobi, na kila aliyelipa nauli mwezi ule anakumbuka. Gari linaloweza kwenda sokoni na kurudi kwa umeme wa usiku si gari la kutukanwa. Isitoshe umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, kwenye maji na kwenye upepo, si kwa meli ya mafuta inayotoka Ghuba. Kosa si kulinunua. Kosa ni kuuziwa bila kufundishwa.

Na tusidhani kwamba ni sisi wa vijijini tu tuliopatwa na mambo haya kwa sababu ya ushamba. Wamarekani nao yamewafika. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitengeneza gari la umeme liitwalo i3, na mwaka 2014 likaanza kuuzwa Marekani likiwa pia na aina yenye injini ndogo ya petroli ya kuzalisha umeme betri inapopungua. Injini hiyo ilikuwa ya silinda mbili, sentimita za ujazo 647, iliyotokana na ile ya pikipiki zao. Huko Ulaya ilikuwa na nguvu ya takribani kilowati 25. Tufanye hesabu tena. Gari likiwa na kilo 1,700 pamoja na abiria, likipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, linainuka mita moja na nusu kila sekunde. Kazi ya kuinua tu ni kilowati 25 na ushei. Injini yote imekwisha! Ya kupambana na upepo itatoka wapi?

Ni lazima itoke kwenye betri. Lakini Marekani injini ile ilipangwa iwake betri ikiwa imebaki na karibu asilimia 6 tu, kwa ajili ya masharti ya California kuhusu magari yasiyotoa moshi. Ulaya dereva aliweza kuiwasha mapema, chaji ikiwa chini ya asilimia 75, akaitunza akiba yake kwa ajili ya milima. Gari ni lile lile, injini ni ile ile, lakini mmoja alifika mlimani na akiba na mwingine alifika mikono mitupu. Mwaka 2016 wenye magari hayo walikwenda mahakamani huko California wakilalamika kwamba gari hupoteza mwendo ghafla kwenye barabara kuu, huku magari mengine yakija nyuma kwa kasi. Watu wanaosoma Kiingereza, wenye kitabu cha maelezo cha Kiingereza, walilalamika kwamba hawakuonywa vya kutosha. Je, sisi?

Kinyume chake, liko gari la Chevrolet Volt lililoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2010. Waliolitengeneza waliweka mtindo maalumu wa kuendesha milimani. Dereva anauchagua mapema kabla ya kufika kwenye mlima, gari linaanza kuweka akiba kubwa zaidi ndani ya betri, na likifika kwenye mwinuko ng'ombe wote wawili wako macho. Outlander nalo lina kitufe cha kuhifadhi chaji na kingine cha kuchaji safarini kwa kutumia injini. Maana yake nini? Maana yake watengenezaji wanaujua mlima. Walijua tangu mwanzo, wakaweka dawa. Dawa iko ndani ya gari la mjomba pia, kitufe kidogo kando ya gia ambacho aliogopa kukibonyeza kwa kuwa hakujua kitalipua nini.

Kwa hiyo narudi kwenye suala la lugha, ambalo ndilo lililonifanya niandike katika jarida la chama cha Kiswahili badala ya kumwachia mwenzangu wa chama cha sayansi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili aifaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Mimi si wakili, lakini nikiviweka vifungu hivyo viwili pamoja naona jambo moja. Habari iliyofungiwa ndani ya kitabu cha Kijapani, chini ya kiti, si habari. Ni karatasi ya kuwashia moto.

Sisemi wauzaji watafsiri kitabu kizima, maana hakuna atakayekisoma. Nasema karatasi moja tu. Iseme gari hili ni aina gani kati ya zile mbili. Iseme betri yake imebaki na uwezo kiasi gani, kwa sababu hilo linaweza kupimwa kwa kifaa. Nchi yetu hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hiyo ni sheria nzuri, lakini miaka ya bodi si miaka ya betri. Betri huzeeka kwa joto na kwa idadi ya mara ilizochajiwa. Gari la miaka 7 lenye rangi inayong'aa linaweza kuwa na betri iliyobaki nusu ya uwezo wake, na akiba ya mlimani ni nusu pia. Mnunuzi wetu anauliza kilomita, anapiga teke tairi, anafungua boneti na kutikisa kichwa kama anayeelewa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini ili uulize ni lazima ujue kwamba kuna cha kuuliza.

Vyuo vya udereva navyo viamke. Kaka yangu amepita huko juzi. Amefundishwa gia kwa gari kuukuu, kisha akasimama mbele ya ule ubao wenye mji wa mfano na vigari vya kuchezea, akasogeza kigari kwenye mzunguko bila kugonga kingine. Leseni anayo. Ukimuuliza kilowati ni nini anadhani ni jina la kampuni ya ulinzi. Mafundi wetu pia wasiachwe nyuma. Hawa ni watu wenye akili sana, wanaotengeneza pampu ya trekta kwa kipande cha kandambili, na wangeelezwa mara moja wangelielewa jambo hili kuliko mimi.

Kuna watakaopinga kwamba hata tukielezwa, stima yenyewe iko wapi? Ni kweli inapotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Lakini gari la plagi halihitaji stima kila dakika. Soketi ya kawaida ya nyumbani, volti 240 na ampea 13, inatoa karibu kilowati 3, kwa hivyo betri ya kilowati-saa 12 inajaa usiku mmoja na unabaki na saa za kutosha za kulala. Jambo la kuangaliwa ni waya, kwa sababu kebo za Japani zimetengenezwa kwa volti za kwao, na mtu asikate kichwa cha kebo akakiunganisha na plagi ya kwetu kwa selotepu. Amwite fundi wa umeme mwenye kibali.

Na sisi wa chama cha Kiswahili tunaweza kuanza kabla ya serikali kuanza. Kila muhula tunaandika insha za kiuamilifu, maagizo ya kupika pilau, barua kwa rafiki wa kalamu ambaye hayupo, tangazo la mbuzi aliyepotea. Wenzangu, mbuzi huyo amepotea tangu Kidato cha Kwanza! Kwa nini tusiandike maagizo ambayo mtu atayatumia kesho asubuhi? Mimi nimeanza, na mwalimu wa fizikia amezikagua hesabu zangu. Mwenye gari la plagi, au anayemjua mwenye nalo, akate kipande hiki akibandike ndani ya gari mahali dereva anapokiona.

"Gari hili lina nguvu mbili, injini na betri. Betri ikiisha, nguvu ya mlimani inapungua. Lichaji usiku. Kabla ya safari ya mlima au ya mzigo mzito, bonyeza kitufe cha kuhifadhi chaji ukiwa bado kwenye tambarare. Usingoje ufike mlimani. Ikiwa chaji imeisha nawe uko mlimani, usijaribu kulipita gari la mbele. Kaa kushoto, washa taa za tahadhari, punguza mwendo, na ukipata mahali salama simama, ngoja injini ikijaze betri kidogo ndipo uendelee. Maandishi ya manjano yakiwaka, yapige picha. Ukifika kwa fundi usiseme tu kwamba gari limeharibika. Mwambie lilichoka mahali gani, likiwa na watu wangapi, na kipimo cha chaji kilikuwa kinaonyesha nini wakati huo."